Nje ya Dopamini: Historia ya Dawa za Parkinson Zilizopita Njia Nyingine

Katika miaka ya 1860, wodi za hospitali ya Salpêtrière mjini Paris zilijaa wanawake wazee waliosahauliwa na jamii. Miongoni mwao walikuwamo waliotetemeka mikono hata walipokuwa wamekaa tu. Walitembea wameinama, kwa hatua fupi za harakaharaka, nyuso zimeganda, na mate yakiwachuruzika midomoni. Daktari Mwingereza James Parkinson alikuwa ameueleza ugonjwa huu mwaka 1817, katika kijitabu kilichosimama juu ya wagonjwa sita tu, baadhi yao aliowaona wakipita katika mitaa ya London. Jean-Martin Charcot, daktari mkuu wa neva pale Salpêtrière, ndiye aliyeutofautisha na magonjwa mengine ya kutetemeka na kupendekeza uitwe kwa jina la Parkinson.

Kuutambua ugonjwa kulikuwa hatua kubwa, lakini mgonjwa alitaka nafuu. Charcot na wanafunzi wake, akiwamo Leopold Ordenstein aliyeandika tasnifu juu ya ugonjwa huu mwishoni mwa miaka ya 1860, wakaanza kutumia dawa zilizotokana na mimea ya ukoo wa belladona. Mnanaha, ambao watu wa pwani yetu wanaujua kwa sumu yake na kwa jinsi unavyompotosha mtu akili, ni wa ukoo huohuo. Simulizi inayokubalika na wengi ni kwamba dawa hizo zilitolewa kwanza kwa ajili ya kukausha mate. Mate yakapungua, na pamoja nayo baadhi ya wagonjwa wakaona misuli imelegea kidogo na mikono imetulia kuliko jana. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyejua.

Tukio hilo dogo ndilo mwanzo wa tiba ya Parkinson kwa dawa, na lilitokea karibu miaka mia moja kabla ya mtu yeyote kuitaja dopamini. Nalisisitiza kwa sababu historia ya ugonjwa huu husimuliwa kana kwamba ni historia ya kemikali moja: dopamini ilipungua, ikarudishwa, mgonjwa akainuka. Simulizi hiyo ni ya kweli na ni ya ajabu, ila inaacha nje nusu ya mambo. Iko historia nyingine, ya dawa ambazo hazikuja kujaza dopamini. Katika historia hiyo, mara nyingi mlango ulifunguliwa na jambo lililoonekana kwa mgonjwa kabla halijaeleweka maabara.

Zama za belladona

Mwaka 1917, daktari Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa mpya wa ubongo uliowafanya watu walale mfululizo. Ulienea duniani kwa takriban muongo mmoja kisha ukatoweka. Wengi walionusurika walibaki na dalili zilezile za Parkinson, na safari hii walikuwa vijana. Idadi yao ilizilazimisha serikali na hospitali za Ulaya kutafuta tiba kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana ilipokuwa ni shida ya wazee.

Sifa zikaanza kuenea za mganga wa mitishamba wa Bulgaria, Ivan Raev wa kijiji cha Shipka, aliyekuwa na dawa iliyowainua watu kama hao. Malkia Elena wa Italia akaipata siri yake na kuileta nchini mwake, ambako katika miaka ya 1930 zilianzishwa huduma maalumu za tiba hiyo. Siri yenyewe ilikuwa mizizi ya belladona iliyochemshwa katika divai nyeupe. Kwa maneno mengine, ilikuwa dawa ya Charcot iliyorudi kwa njia ya kijijini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilianza kutengeneza kemikali zilizofanya kazi kama belladona bila kuhitaji mmea. Mwaka 1949 ilikuja triheksifenidili, maarufu kwa jina la Artane, na katika miaka ya 1950 zikafuata nyingine za jamii hiyo. Wauguzi na madaktari wa Afrika Mashariki wanaijua zaidi triheksifenidili kwa jina la benzheksoli. Kila anayefanya kazi katika kliniki ya afya ya akili ameishika, kwa sababu huwapunguzia kukakamaa na kutetemeka wagonjwa wanaotumia dawa kama haloperidoli.

Dawa hizi zilisaidia tetemeko na ugumu wa misuli, lakini kwa bei yake. Kinywa hukauka, macho huona ukungu, choo huwa kigumu, na mkojo hukataa kutoka, hasa kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba. Baya kuliko yote, kwa mzee huvuruga kumbukumbu na kuleta kuchanganyikiwa. Hata hivyo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 hapakuwa na kitu bora zaidi katika kabati la dawa.

Dopamini inatawala

Mwaka 1960, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Parkinson na kukuta dopamini imepungua mno katika sehemu za ndani zinazoratibu mwendo wa mwili. Mwaka uliofuata, Hornykiewicz na Walter Birkmayer waliwachoma wagonjwa sindano ya levodopa, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Mwaka 1967, George Cotzias wa Marekani alionyesha kwamba levodopa ikitolewa kwa mdomo, kwa dozi inayopandishwa polepole hadi kuwa kubwa, nafuu hudumu.

Katika mwaka huohuo wa 1967, Roger Duvoisin wa New York alifanya jaribio lililofumbua fumbo la Charcot. Aliwapa wagonjwa fisostigmini, dawa yenye asili ya maharagwe ya Calabar ya Afrika Magharibi, ambayo huongeza asetilikolini mwilini. Tetemeko na ugumu wa misuli vikazidi. Alipowapa dawa ya jamii ya belladona, hali ikatulia. Basi ikaeleweka: katika sehemu ile ya ubongo, dopamini na asetilikolini ni kama pande mbili za mizani. Dopamini ikipungua, upande wa asetilikolini huelemea. Belladona haikuongeza kitu upande uliopungua. Ilipunguza uzito upande wa pili.

Maelezo hayo yalikuja wakati dunia imeshageukia levodopa, na ni haki yake, kwani hadi leo hakuna dawa inayoizidi katika kumrudishia mgonjwa mwendo wake. Lakini ushindi huo ulizaa fikra kwamba Parkinson ni upungufu wa dopamini na basi. Aliyeanza kuitikisa fikra hiyo hakuwa daktari.

Mwanamke wa Boston na dawa ya mafua

Mwezi Aprili 1968, mwanamke mwenye umri wa miaka 58 alimweleza daktari wake jambo ambalo hakuwa ameulizwa. Daktari huyo alikuwa Robert Schwab, mtaalamu wa neva wa Massachusetts General Hospital mjini Boston. Miezi mitatu kabla, mwanamke huyo alikuwa amemeza amantadini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, ili kujikinga na mafua. Dawa hiyo ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 1966 kuzuia homa ya mafua na haikuhusiana kwa lolote na ubongo. Alipokuwa akiitumia, tetemeko, ugumu wa misuli na uzito wa mwili vilipungua kwa kiasi alichokiona waziwazi. Alipoiacha baada ya wiki sita, vikarudi upesi.

Daktari mwenye haraka angeweza kumsikiliza kwa heshima na kumwandikia dawa zilezile. Schwab alilichukua neno lake kuwa ushahidi. Yeye na wenzake wakawapa amantadini wagonjwa 163, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo: asilimia 66 walipata nafuu. Mwaka 1973 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha amantadini kwa Parkinson.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba inafanya kazi kwa kuchochea dopamini, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kufikiri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba amantadini huziba aina fulani ya milango ya seli za neva inayopokea glutameti, kemikali kuu ya kuchochea ubongo. Ushawishi wake kwa dopamini haukukanushwa kabisa, lakini njia mpya ilikuwa imegunduliwa.

Njia hiyo ilihitajika sana kufikia wakati huo. Wagonjwa waliotumia levodopa kwa miaka walianza kupata mijongeo isiyo ya hiari: shingo kujipinda, mikono na miguu kucheza bila mwenyewe kutaka, wakati mwingine kwa nguvu ya kumwangusha mtu kitini. Dozi ikipunguzwa, mgonjwa anaganda. Ikiongezwa, mwili unajinyonganyonga. Mwaka 1998, Leo Verhagen Metman, Thomas Chase na wenzao katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapa kikundi kidogo cha wagonjwa amantadini pamoja na levodopa. Mijongeo ile ilipungua kwa asilimia 60, na faida ya levodopa haikupotea. Mwaka 2017 amantadini ya kapsuli inayoachilia dawa polepole ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani mahususi kwa tatizo hilo. Kutoka mwanamke yule kunena hadi idhini hiyo, ilipita miaka 49.

Ugonjwa mkubwa kuliko jina lake

Wakati huohuo, madaktari waliowafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu waliona picha ya kutisha. Nchini Australia, utafiti ulioanza mjini Sydney katikati ya miaka ya 1980 uliwafuata wagonjwa wapya hadi miaka 20. Kati ya waliokuwa bado hai mwishoni mwa muda huo, asilimia 83 walikuwa wamepata ugonjwa wa kusahau, na wengi zaidi walikuwa wakianguka mara kwa mara. Kilichowalemea hakikuwa tena mkono unaotetemeka. Kilikuwa miguu isiyoshika mizani, akili inayopotea, kuona watu wasiokuwepo, shinikizo la damu linaloshuka ghafla mtu anaposimama. Mambo hayo levodopa haiyagusi sana, na mengine huyazidisha.

Mwaka 2003 mwanasayansi wa Ujerumani Heiko Braak na wenzake walitoa maelezo ya sababu. Walipochunguza ubongo wa maiti hatua kwa hatua, waliona kwamba uharibifu wa ugonjwa huu mara nyingi huanza chini, katika shina la ubongo, kabla haujafikia seli zinazotengeneza dopamini, kisha hupanda hadi juu. Njiani hupita kwenye seli za noradrenalini, za serotonini na za asetilikolini. Mgonjwa anayepoteza uwezo wa kunusa, anayefunga choo au anayepiga mateke usingizini miaka kadhaa kabla ya kutetemeka huenda tayari ameanza kuugua.

Kuanzia hapo, dawa zilitafutwa kwa kila kemikali iliyoguswa. Kwa asetilikolini, mambo yaligeuka kwa namna ambayo Charcot angeshangaa. Mgonjwa anapofikia hatua ya kusahau, tabaka za juu za ubongo wake zimepungukiwa asetilikolini ileile ambayo belladona iliizuia. Mwaka 2004, Murat Emre na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya rivastigmini, dawa inayoongeza asetilikolini, kwa wagonjwa 541 wa Parkinson wenye ugonjwa wa kusahau. Ilisaidia kwa kiasi cha wastani, na kwa baadhi ilizidisha tetemeko, kama Duvoisin alivyoona mwaka 1967. Mwaka 2006 iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo. Ndipo ikaeleweka wazi kwa nini kumpa mzee anayeanza kusahau benzheksoli ni kumwongezea mzigo kichwani.

Kwa noradrenalini, Wajapani walitangulia. Droksidopa, ambayo mwili huigeuza kuwa noradrenalini, ilitumika kwao tangu mwaka 1989. Marekani iliikubali mwaka 2014 kwa wagonjwa wanaopata kizunguzungu na kuanguka kwa sababu shinikizo la damu hushuka wanaposimama. Kwa maluweluwe, dawa za kawaida za wagonjwa wa akili zilikuwa hatari, maana huizuia dopamini na kumgandisha mgonjwa. Mwaka 1999 tafiti mbili zilionyesha kwamba klozapini kwa dozi ndogo sana hutuliza maono bila kuharibu mwendo, lakini damu ya mgonjwa lazima ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe. Mwaka 2016 ikaja pimavanserini, inayopita kwenye serotonini bila kuigusa dopamini, na kuidhinishwa Marekani kwa maono na imani potofu zinazotokana na Parkinson.

Kahawa, kifafa, na milango iliyofungwa

Mwaka 2000, watafiti wa Honolulu walichapisha takwimu za wanaume 8,004 wa asili ya Kijapani waliofuatiliwa kwa takriban miaka 30. Wanywaji wa kahawa walipata Parkinson kwa kiwango cha chini sana kuliko wasioinywa. Kafeini huziba milango ya adenosini, na aina moja ya milango hiyo iko kwa wingi katika seli zilezile ambazo dopamini huzituliza. Adenosini huzichochea; ukiizuia, mwendo unakuwa mwepesi.

Kampuni ya Kijapani iliyokuwa imeanza kuifuata njia hiyo kabla ya takwimu za Honolulu ilitengeneza istradefilini. Hapa maabara ndiyo iliyotangulia, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo njia ilikuwa ndefu: Marekani iliikataa mwaka 2008, Japani ikaikubali mwaka 2013, na Marekani ikageuza uamuzi mwaka 2019. Ikitumiwa pamoja na levodopa, hupunguza kwa chini ya saa moja kwa siku muda ambao mgonjwa huganda dawa ikiisha nguvu. Nafuu hiyo inaweza kuonekana haba kwa mwenye afya. Kwa asiyeweza kujigeuza kitandani, si haba. Kafeini yenyewe ilipojaribiwa kama tiba ya wagonjwa, haikuleta nafuu ya mwendo.

Nchini Japani pia, daktari Miho Murata alimpa zonisamidi, dawa ya kifafa, mgonjwa wa Parkinson aliyepata degedege. Degedege likakoma, na Parkinson yake ikapata nafuu iliyoonekana. Murata hakulipuuza. Mwaka 2001 alichapisha matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wachache, na mwaka 2009 Japani ikaidhinisha zonisamidi kwa Parkinson, kwa dozi ndogo kuliko ya kifafa. Dawa hiyo hupitia njia kadhaa kwa pamoja, nyingine zikigusa dopamini yenyewe.

Milango mingine ilifungwa. Mwaka 2017 majaribio ya tozadenanti, ndugu wa istradefilini, yalisitishwa baada ya wagonjwa kadhaa kupungukiwa seli nyeupe za damu na baadhi yao kufariki. Exenatidi, dawa ya kisukari ambayo asili yake ni kemikali iliyogunduliwa katika mate ya mjusi wa jangwa la Marekani, ilileta matumaini ya kuuzuia ugonjwa usisonge mbele. Majaribio makubwa zaidi yaliyochapishwa mwaka 2025 yakaonyesha haikusaidia. Hadi leo hakuna dawa, ya dopamini au isiyo ya dopamini, iliyothibitishwa kuusimamisha ugonjwa huu. Zote hupunguza dalili.

Safari isiyofika vijijini

Historia hii imeandikwa zaidi Paris, Boston, Tokyo na Vienna, lakini wagonjwa wako kila mahali. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, timu ya watafiti wa Tanzania na Uingereza ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 na mwaka 2008 ikachapisha matokeo. Waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa huo.

Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina levodopa pamoja na kabidopa, na ina biperideni, ambayo ni ya jamii ya benzheksoli. Katika vituo vingi vya afya vya ukanda wetu, benzheksoli ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu kliniki za afya ya akili zinaihitaji. Hivyo mzee wa miaka 75 anayetetemeka huondoka na dawa ya mwaka 1949, nayo ndiyo inayomfaa kidogo kuliko zote kwa umri wake. Muuguzi halaumiki kwa kutoa alicho nacho rafuni. Wanaopanga bajeti na kuagiza dawa ndio wa kuulizwa, na ndugu wanaomuuguza wanapaswa kujua kwamba mzee akianza kuchanganyikiwa baada ya kuanza kidonge hicho, huenda si Parkinson inayozidi. Aambiwe daktari upesi, wala dawa isikatwe ghafla nyumbani.

Yapo pia mambo yasiyogharimu fedha ambayo historia hii imetufundisha kuyauliza: anapata choo? Analala vipi? Kichwa kinamzunguka anaposimama? Anaona watu wasiokuwepo, na anaona haya kusema? Kila swali kati ya hayo lina kemikali yake katika ubongo, na kwa mengi kati yake dawa au ushauri vimepatikana. Mgonjwa anayechunguzwa mikono tu ametibiwa nusu.

Mgonjwa wa Boston na yule wa Murata waliipa dunia dawa mbili, kwa sababu kila mmoja alikuwa na daktari aliyemjua, aliyemwona tena baada ya miezi, na aliyeliandika jambo lisilotarajiwa badala ya kulipuuza. Hakuna sababu ya ugunduzi ujao kutotoka Hai, Mombasa au Bujumbura. Lakini mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujapewa jina hawezi kumfundisha daktari lolote juu yake. Kazi ya kwanza, basi, ni kuwapata watu hawa, kuwaambia wanaumwa nini, na kuwaona tena.